Kuziba ufa au kujenga ukuta? Historia ya ugomvi usiokwisha wa watu wa Linux

Kuna swali moja ambalo watumiaji wa Linux wamekuwa wakigombana juu yake kwa karibu miaka thelathini, na bado hawajachoka. Toleo jipya likitoka, je, uupandishe mfumo ulio nao juu kwa juu, faili zako zikiwa palepale na programu zako palepale? Au ufute kila kitu na uanze moja? Waulize watu kumi wanaojua kompyuta, utapata majibu kumi na mawili. Wa kambi moja watakwambia kwamba anayefuta kila mara ni mvivu wa kujifunza. Wa kambi ya pili watakujibu kwamba anayepandisha ni sawa na mtu anayehamia nyumba mpya akabeba na taka za nyumba ya zamani.

Mtu wa kawaida anaweza kusema, sasa hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, ndugu zangu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo rasmi inadai mashine yenye chipu ya TPM 2.0, na kompyuta nyingi nzima kabisa hazina. Katika nchi kama zetu, ambako kwa watu wengi kompyuta maana yake ni kompyuta ya mtumba, kuna mashine nyingi ambazo ama zitabaki bila ulinzi mpya ama zitawekewa Linux. Atakayeiweka leo atakutana na swali hili baada ya miaka miwili mitatu, toleo lake litakapozeeka. Na siku hiyo ndani ya diski kutakuwa na tasnifu yake, hesabu za duka lake, au kwa sisi waandishi wa habari, sauti za mahojiano ambayo hayawezi kurudiwa kwa sababu aliyehojiwa ameshafariki.

Kwa hiyo tuanzie mwanzo.

Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991. Alichotoa yeye kilikuwa kiini tu, ile sehemu ya ndani inayozungumza na mashine. Kiini peke yake hakikufai kitu, kama injini iliyolala sakafuni bila gari. Ndipo wakatokea watu wa kukusanya kiini na programu nyingine wakazifunga pamoja, na mikusanyiko hiyo ndiyo wenyewe wanaiita distro. Mmoja wa mikusanyiko ya mwanzo kabisa ni SLS, uliotolewa na Peter MacDonald mwaka 1992. Ulipendwa kwa sababu ulikuwepo, lakini ulikuwa na kasoro nyingi. Kutokana na kasoro hizo wakazaliwa ndugu wawili mwaka uleule wa 1993: Slackware ya Patrick Volkerding mwezi Julai, na Debian ya Ian Murdock mwezi Agosti.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Slackware ilichukulia programu kama furushi la faili: unalifungua, linamwagika kwenye diski, basi. Kujua furushi lipi linahitaji furushi lipi lilikuwa jukumu lako wewe mwenye mashine. Debian ilichagua njia nzito zaidi. Kila programu iliwekwa kwenye kifurushi chenye mtu wake wa kukitunza. Kila kifurushi kilitakiwa kutaja kinategemea vipi vingine, na programu iitwayo dpkg ikatunza daftari la kila faili iliyoingia kwenye mashine na imetoka wapi. Likionekana ni jambo dogo la ukarani, ni kwa sababu ukarani mzuri hauonekani. Daftari lile ndilo lililofanya kupandisha mfumo kuwezekane. Huwezi kubadilisha nguzo za nyumba kama hujui nguzo ipi inabeba dari lipi.

Mtihani mkubwa ulikuja haraka. Kuna maktaba moja katika Linux ambayo karibu kila programu inaiegemea, inaitwa libc. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dunia ya Linux ilihama kutoka libc5 kwenda libc6, na programu zilizojengwa kwa ya zamani hazikuweza kutumia mpya hivihivi. Fikiria kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa wamelala ndani. Debian 2.0, iliyotoka Julai 1998, ilitoka na libc6, na kwa wale waliokuwa kwenye toleo la nyuma yake iliandaliwa hati maalumu, autoup.sh, ya kuingiza vifurushi nyeti kwa mpangilio sahihi ili mashine isijikate miguu yenyewe katikati ya safari. Mtu angeweza kufuta na kuanza upya akapata matokeo hayohayo. Lakini watu wa Debian walikuwa wameshaamua kwamba toleo jipya halipaswi kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata, Machi 1999, Debian 2.1 ikaja na APT. Hii ndiyo amri ambayo hata mgeni wa Linux amewahi kuiona: apt-get. Wewe unataja unachotaka, yenyewe inakwenda kukitafuta pamoja na vyote kinavyovitegemea, inavipanga, inaviingiza. Kuanzia hapo kupandisha mfumo mzima kukawa ni suala la amri mbili na subira. Ndipo wafuasi wa Debian walipoanza kujisifu kwamba mashine yao waliiwekea mfumo mara moja tu na hawajaufuta tena. Majigambo hayo hayajaisha mpaka leo.

Upande wa Red Hat mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Kwa miaka mingi, katika Red Hat na baadaye Fedora iliyoanza Novemba 2003, njia iliyopendekezwa ya kupandisha ilikuwa kuwasha mashine kwa CD ya toleo jipya. Programu ya usakinishaji, Anaconda, ingekuuliza: nipandishe uliyo nayo au nisakinishe mpya? Hoja yao haikuwa ya kijinga. Ukipandisha mfumo ukiwa umezimwa, hakuna programu inayoendelea kutumia faili inayobadilishwa. Fedora ilikuwa inatoa toleo takribani kila miezi sita, tena ikipenda kuingiza mambo mapya kabla ya wengine. Mfano mzuri ni Fedora 17 ya Mei 2012, iliyohamisha folda za mizizi kama /bin na /lib zote kwenda ndani ya /usr. Katika mabadiliko ya aina hiyo hata mtu wa kambi ya kupandisha alivuta pumzi kwanza.

Halafu ikaja Ubuntu. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyetajirika kwa kuuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na akaenda anga za juu mwaka 2002, alitoa toleo la kwanza la mfumo uliojengwa juu ya Debian. Jina lake sisi hatuhitaji kufasiriwa, maana ubuntu ni utu. Ubuntu iliahidi toleo jipya kila miezi sita, na iliahidi kwamba mtu asiyejua amri yoyote ataweza kupandisha kwa kubofya kitufe.

Ahadi ya kitufe ilijaribiwa vikali mwaka 2006. Toleo la 6.06 lilikuwa limechelewa, likatoka Juni badala ya Aprili. La 6.10 likatoka Oktoba 26, karibu miezi mitano baadaye, likiwa na mfumo mpya wa kuwasha mashine, Upstart. Waliosakinisha upya wengi wao walitulia. Miongoni mwa waliopandisha kutoka 6.06 malalamiko yalikuwa mengi, na kuna walioishia kwenye skrini nyeusi. Kwa watu wengi wa rika lile, 6.10 ndiyo iliyowafundisha kufuta. Mpaka leo ukikutana na mtu anayesema "mimi sipandishi, nafuta", mwulize alianza Linux mwaka gani. Jibu lake linaweza kukueleza mengi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona mabishano mengi ya mitandaoni yanalipita. Swali hili linajadiliwa kana kwamba kila mtu duniani ana intaneti ileile. Kwetu sisi, katika miaka hiyo, kupandisha au kufuta halikuwa suala la falsafa. Lilikuwa suala la megabaiti.

Tufanye hesabu. Tuseme kupandisha kunahitaji kupakua megabaiti 600. Modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikiwa na bahati ya kufikia kasi yake yote, inapitisha takribani kilobaiti 7 kwa sekunde. Hiyo ni kama saa 24 mfululizo bila simu kukatika hata mara moja. Na pwani yetu ya Afrika Mashariki kabla ya katikati ya 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ya polepole na ya bei ya kutisha. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Nani angelipia saa 24 za intaneti kafe ili abadilishe mfumo ambao bado unawaka? Na hapo hatujataja umeme. Mwaka 2006, mwaka uleule wa 6.10, Tanzania ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme baada ya ukame kukausha mabwawa.

Ndiyo maana CD ilikuwa mfalme. Kupitia mpango wake wa ShipIt, uliokoma mwaka 2011, Ubuntu ilikuwa ikituma CD bure kwa posta popote duniani. Unaandika anwani yako ya sanduku la posta, unasubiri wiki kadhaa, bahasha inafika. Huko Afrika Kusini Mfuko wa Shuttleworth uliweka mashine zilizoitwa Freedom Toaster, ambapo mtu alikwenda na CD tupu akachomewa programu huria hapohapo. Lakini angalia CD hiyo ya bure ilikuwa inakuelekeza wapi. Ilikuwa ni CD ya kujaribia na kusakinisha. Kulikuwa na CD ya aina nyingine iliyoweza kupandisha mfumo bila intaneti, ila ilibidi uipakue au umpate aliyeipakua. Kwa hiyo kijana wa Dar au Mombasa aliyefuta kila toleo lilipotoka hakuwa mvivu wala hakuwa amesahau daftari la Debian. Alichagua njia iliyokuwa inafika kwake.

Na kufuta kulikuwa na gharama yake ambayo nayo haikusemwa. CD ina vya msingi tu. Ulivyoviongeza baadaye vinakwenda na maji: programu ya kupigia muziki, lugha uliyoiongeza, vyote. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Aliyeipakua kwa jasho alipaswa aitunze pembeni, la sivyo siku ya kufuta angeipakua tena. Kwa mwenye intaneti ya kasi kusakinisha upya ni mchana mmoja. Kwa mwenye intaneti ya kupima, ni mwezi wa kurudisha kimoja kimoja.

Kati ya kambi hizi mbili kulikuwa na ujanja mmoja uliowapatanisha kidogo: kutenga /home. Unaigawa diski, mfumo unakaa sehemu yake, faili zako zinakaa sehemu nyingine. Siku ya kufuta unafuta sehemu ya mfumo tu. Chanzo chake ni cha zamani kuliko Linux yenyewe. Katika Unix ya Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, faili za watumiaji zilikaa /usr, na jina lenyewe linaonyesha hivyo. Inasimuliwa kwamba mfumo ulipokua ukaijaza diski yake, ukamwagika kwenye diski ya watumiaji. Baadaye watumiaji wakahamishiwa kwao wenyewe, /home. Mfumo uliwapora watumiaji chumba, ikabidi wajengewe kingine! Miaka arobaini baadaye Fedora 17 ilipohamishia kila kitu cha mfumo ndani ya /usr, ilikuwa inamalizia ugawaji huo wa vyumba.

Ila hata ujanja huu una mtego. Ndani ya /home kuna faili zinazoanza na nukta, ambazo kwa kawaida hazionekani. Humo ndimo programu huhifadhi mipangilio yako. Ukifuta mfumo ukaacha /home, mipangilio ya miaka mitano iliyopita inabaki inakusubiri, na programu mpya inaweza kugombana nayo. Watu wanasema wamesakinisha "safi", kumbe ufa ulikuwa kwenye chumba ambacho hawakukigusa. Na upande wa pili, wanaopandisha wana maswali yao. Dpkg ikikuta faili ya mipangilio uliyoibadilisha kwa mkono, inasimama na kukuuliza: nibakize yako au niweke mpya? Anayebofya bila kusoma, mwaka hadi mwaka, anajijengea mashine ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliye kama yeye, hivyo hakuna wa kumsaidia. Ongeza hapo vifurushi vilivyochukuliwa nje ya hazina rasmi, na unapata chanzo kikubwa cha upandishaji kukwama.

Distro zenyewe hazikukubaliana. Linux Mint, iliyoanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, ilijengwa juu ya Ubuntu, lakini kwa miaka mingi iliwashauri watu wake wahifadhi faili na kusakinisha upya toleo kubwa linapobadilika. Arch Linux ya Judd Vinet, ya mwaka 2002, ilikataa swali lenyewe: haina matoleo, mashine inapandishwa kidogo kidogo kila wiki bila mwisho. Debian imebaki na msimamo wake, kwa sharti moja: usiruke toleo. Anayetaka kufika Debian 13 ya Agosti 2025 kutoka Debian 11 lazima apitie 12. Na Ubuntu mwaka 2024 ililiahirisha toleo la 24.04.1 kwa wiki mbili, kutoka Agosti 15 hadi 29, kwa sababu ya kasoro katika kupandisha kutoka 22.04. Wapo waliocheka. Mimi nasema heri walioahirisha, maana mwaka 2006 kasoro za namna hiyo ziligunduliwa na mtumiaji akiwa chumbani kwake usiku.

Miaka ya karibuni umepatikana mkondo wa tatu. openSUSE 13.2 ya Novemba 2014 iliweka mfumo juu ya Btrfs, ambao unaweza kupiga picha ya hali ya mfumo kabla ya kuubadilisha. Ukiharibika, unarudi kwenye picha. Eelco Dolstra, katika tasnifu yake ya udaktari Utrecht mwaka 2006, alieleza Nix, ambamo toleo jipya halikai juu ya la zamani bali kando yake. Fedora Silverblue tangu 2018 inabadilisha mfumo mzima kwa pamoja, na toleo la jana linabaki palepale mpaka utakapoamini la leo. Hapa umeme ukikatika katikati, mashine inawaka na mfumo wa zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila upandishaji ni kama usakinishaji mpya, na hakuna usakinishaji unaofuta kitu chako.

Basi nani alishinda? Nikiangalia historia hii yote naona kambi zote mbili zilikuwa zinapigania jambo moja bila kujua: nani abebe mzigo wa mwendelezo. Debian ilisema ubebwe na watunzaji wa vifurushi, watu wanaojitolea na ambao hutawahi kuwaona. Kambi ya kufuta iliuacha kwa mtumiaji, aliyetakiwa kukumbuka mwenyewe alikuwa na nini. Wakati mtandao ulipokuwa ghali, mzigo ule ulimwangukia zaidi aliye mbali na seva. Msemo wetu wa usipoziba ufa utajenga ukuta unawapa haki wanaopandisha. Lakini mafundi wa nyumba wanajua kwamba kuna kuta zilizozibwa nyufa mpaka zimebaki nyufa tupu, na hizo zinabomolewa.

Kwa hiyo kwa wewe unayeweka Linux mwaka huu kwenye mashine ya mtumba: tenga /home tangu siku ya kwanza, maana baadaye ni kazi. Chagua toleo la kudumu, upandishe hatua moja moja, usiwahi siku ya kwanza, na soma unachoulizwa kabla ya kubofya. Kama umeongeza vitu vingi kutoka nje ya hazina rasmi na huvikumbuki tena, futa uanze upya, wala hakuna aibu. Lakini vyovyote utakavyochagua, nakala ya faili zako iwe mahali pengine, nje ya mashine hiyo, kabla hujagusa kitu. Mfumo unapatikana tena bure duniani kote. Sauti ya mzee uliyemhoji haipatikani.

Kazi kwenu.